Baridi ya Babati na Mlango Uliofungwa

Saa 12 asubuhi mwezi wa Julai, mji wa Babati haujapambazuka sawasawa. Mlima Kwaraa umejifunika ukungu, na mvuke unafuka juu ya Ziwa Babati, ambako viboko waliokesha malishoni wamerudi kwenye maji yenye uvuguvugu kuliko hewa. Stendi, madereva wa bodaboda wamevaa makoti kinyumenyume, zipu mgongoni, ili upepo usipate pa kupenya kifuani. Mizula imeshushwa hadi kwenye nyusi. Mama lishe amebandika birika la chai ya tangawizi, na kila mteja akipokea kikombe hukikumbatia kwanza kwa viganja viwili, kunywa kutafuata.

Jiko la mkaa lililo chini ya birika hilo, hapo nje penye upepo, halina neno. Neno huanza jioni, jiko kama hilo linapoinuliwa na kuingizwa chumbani, mlango ukakomewa na matundu ya dirisha yakazibwa kwa kanga kuukuu. Baridi ya Babati yenyewe ni ya kuvumilika. Kinachowaumiza watu zaidi ni namna wanavyoikimbia. Mlango uliofungwa hubakiza ndani joto kidogo, na pamoja nalo hubakiza gesi ya mkaa, virusi vya mafua na mtu aliye peke yake na mawazo yake.

Baridi inayotoka mlimani

Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mwelekeo wa msimu wa kipupwe, yaani Juni hadi Agosti. Ni miezi ambayo jua la utosi limehamia kaskazini ya ikweta, na upepo wa kusi unaleta hewa baridi kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi. Hata hivyo, Babati iko takriban nyuzi 4 tu kusini ya ikweta. Kwa kutazama ramani peke yake, mgeni angefungasha mashati mepesi.

Kinachoupa mji huu baridi ni mwinuko. Umekaa karibu mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na hewa kwa kawaida hupoa nyuzijoto 6 hivi kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda. Ndiyo maana msafiri ndani ya wilaya moja anaweza kubadili nguo mara tatu kwa siku. Magugu, kwenye mashamba ya mpunga bondeni, shati linatosha. Babati mjini, sweta. Akipanda ukuta wa Bonde la Ufa kupita Dareda hadi Bashnet, hatashangaa kuona watu wamevaa makoti saa 6 mchana. Na Mlima Hanang, wenye mita 3,417, unayatazama yote hayo kwa mbali.

Usiku wa Juni na Julai kipimajoto cha Babati hushuka hadi nyuzi 12 au 13 hivi. Kwa mtu wa Norway hiyo ni jioni njema ya kiangazi. Tofauti iko kwenye nyumba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kuhusu makazi na afya unapendekeza kwamba katika nchi zenye majira ya baridi, joto la ndani lisishuke chini ya nyuzi 18. Oslo kuna theluji barabarani lakini sebuleni mtu anakaa na fulana. Babati, joto la nje na la ndani ni mtu na pacha wake. Mkazi wa mji huu anaweza kulala kwenye baridi kuliko ndugu yake aliyehamia Ulaya.

Tembe, bati na jiko

Wairaqw na Wagorowa, wenyeji wa siku nyingi wa nyanda hizi, walikuwa na jibu lao kabla simenti haijafika. Tembe ilijengwa kwa miti na udongo, paa likiwa bapa na limebebeshwa udongo mzito. Baadhi ya Wairaqw waliichimbia nyumba ndani ya mteremko kabisa, hata kwa mbali ikaonekana kama sehemu ya kilima. Ng'ombe na mbuzi walilala humo humo. Udongo ulinyonya joto la jua mchana kutwa na kulitoa polepole usiku, na mifugo nayo ikaongeza la kwake.

Bati hufanya kinyume. Hupata moto haraka na kupoa haraka, na usiku usio na mawingu hulitupa joto lake angani hadi likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Pumzi za waliolala zikipanda na kuligusa hugeuka matone, na alfajiri matone hayo hudondokea blanketi. Hakuna sababu ya kuitamani tembe kupita kiasi: ilikuwa na giza, moshi na viroboto, na kulala na mifugo kuna magonjwa yake. Kosa lilikuwa kuhama kutoka paa la udongo kwenda paa la bati bila kuweka kitu katikati. Dari, hata ya mbao nyepesi, hunasa hewa chini ya bati, na hewa iliyotulia ni blanketi. Anayejenga kwenye kata za Nangara au Bagara mjini hapa leo na kuahirisha dari "mpaka hela ipatikane" ameahirisha sehemu ya nyumba inayofanya kazi usiku.

Palipokosekana dari, jiko huitwa lizibe pengo. Mkaa ukiwa ndio kwanza umewashwa hutoa moshi, na moshi hukohoza, mtu akakimbilia nje. Ukishaiva na kuwa mwekundu, moshi hukata. Hapo wengi huona jiko limekuwa salama kuingia ndani. Kumbe makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Ikivutwa hushikana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, lakini imebeba mzigo usiofaa.

Dalili zake hudanganya: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, kisha usingizi mzito. Wengine hudhani ni malaria au uchovu wa shamba. Ishara ya kuangalia ni hii: kama waliomo chumbani wameumwa kichwa wote kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, mwenye kosa ni jiko. Mgonjwa hutolewa nje mara moja, milango na madirisha yakafunguliwa, kisha akapelekwa hospitali kupewa oksijeni. Kumnywesha maziwa hakusaidii kitu, kwani gesi imo kwenye damu wala haimo tumboni. Kwa hewa ya kawaida mwili huchukua saa 4 hadi 5 kupunguza nusu ya gesi hiyo. Kwa oksijeni safi muda huo hushuka hadi saa 1 na nusu au pungufu.

Serikali imeligusa jambo hili kwa upande mmoja. Mei 8, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani vilihusishwa na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, kwa hiyo lengo lina uzito wake. Lakini kwenye miji ya baridi kama Babati, Mbulu au Njombe jiko la mkaa lina kazi ya pili ambayo jina la mkakati halikuitaja: kupasha nyumba joto. Familia inaweza kununua mtungi wa gesi, ikapikia gesi mwaka mzima, na bado Julai ikalitoa jiko la mkaa stoo kwa ajili ya kuota moto. Mtungi haujalijibu swali la baridi.

Jibu la bei nafuu liko kwenye desturi ya zamani ya kuota moto nje au barazani, kisha kuingia kulala bila jiko. Soksi, mzula, shuka chini ya blanketi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa hufanya kazi ambayo wengi hudhani mkaa pekee ndio unaoiweza. Blanketi zito la mitumba bei yake mtu huilipa mara moja. Mkaa hununuliwa kila jioni.

Kuna mgeni mwingine anayelala chumbani miezi hii: magunia. Kipupwe ni majira ya kuvuna mahindi, na mwenye hofu ya wezi huyalaza karibu na kitanda. Mahindi yaliyoingizwa kabla hayajakauka vizuri, katika chumba kisichopitisha hewa, huota ukungu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu inayoharibu ini. Mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliwakumba watu 68 na kuua 20. Chumba kilichofungwa kinaweza kumdhuru mtu hata kupitia sahani.

Mafua: bibi alikuwa sahihi kiasi gani?

"Vaa sweta, utapata mafua." Kauli hii inasikika kila nyumba, na kwa miaka mingi wanasayansi waliicheka. Mafua huletwa na virusi. Bila virusi, baridi pekee haiwezi kumpa mtu mafua. Salisbury, Uingereza, kilikuwepo kituo maalumu cha kuchunguza mafua kilichoanza kazi mwaka 1946. Watafiti waliwasimamisha watu waliojitolea kwenye upepo wakiwa na nguo zilizolowa, wakatazama kama wangeugua zaidi ya wenzao waliokaa pakavu. Hawakuugua zaidi.

Baadaye picha ilibadilika kidogo. Mwaka 2007 watafiti wa New York walitumia simbilisi kuonyesha kwamba virusi vya influenza huambukizwa kwa urahisi zaidi kwenye hewa baridi na kavu. Mwaka 2015 wenzao wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha, kwa kutumia seli za panya, kwamba kirusi cha mafua ya kawaida huzaliana vizuri zaidi kwenye joto la nyuzi 33, ambalo ni la puani, kuliko kwenye nyuzi 37 za ndani ya mwili, kwa sababu seli zikipoa ulinzi wake hulegea. Bibi basi hakukosea sana. Alichokosa kusema ni kwamba kirusi chenyewe humfikia mtoto kutoka kwa mtu mwingine, na njia fupi kuliko zote ni chumba chenye watu sita na dirisha lililozibwa.

Vumbi nalo lina sehemu yake. Mvua za masika zikishakatika, barabara za mitaani hukauka, na kupukuchua mahindi hutimua makapi yanayochokoza koo na mapafu. Mwenye pumu anapaswa kuingia Juni akiwa na dawa yake ya kuvuta mkononi, na kitambaa usoni wakati wa kupura si ubishoo. Asali hutuliza kikohozi cha mtoto, ila asipewe aliye chini ya mwaka 1, kwani inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambayo tumbo lake halijaweza kupambana nayo. Tangawizi na limau ni chai nzuri. Kuziita kinga ni kuzibebesha mzigo wa bure. Na mtoto anayehema haraka, ambaye mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi, hasubiri kujifukiza. Hiyo huenda ni nimonia, na safari yake ni ya zahanati usiku huo huo.

Wanaopigwa kwanza

Baridi haigawanywi sawa. Wa kwanza ni kichanga. Mwili wake mdogo una ngozi nyingi kulinganisha na uzito wake, kwa hiyo hupoteza joto upesi kuliko mama anavyodhani. Joto lake likishuka chini ya nyuzi 36.5 tayari yuko kwenye hatari. Shirika la Afya Duniani linashauri kuogesha kichanga kusubiri saa 24, ushauri unaogongana na haraka ya baadhi ya wakunga na bibi wa kumwosha mgeni aingie nyumbani safi.

Kwa waliozaliwa njiti au na uzito mdogo, tiba ya nguvu haihitaji umeme. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali ilipokosa vitotoshi: mtoto huwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akafungwa kwa kitenge kama mtoto wa kangaruu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba kuanza njia hiyo mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto hao kwa robo ukilinganisha na kusubiri kwanza hali yao itengemae. Baba, shangazi au bibi wanaweza kupokezana na mama. Kwenye usiku wa Julai kifua cha mtu ndilo jiko salama kuliko yote.

Wa pili ni mwenye selimundu. Baridi hubana mishipa, damu hupita kwa shida, na seli zenye umbo la mundu hukwama. Ndipo maumivu makali ya mifupa huanza. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 hivi wenye ugonjwa huu kila mwaka, idadi inayoiweka miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi duniani. Siku ya Selimundu Duniani huadhimishwa Juni 19, ambayo kwa Babati huangukia mwanzoni mwa baridi. Mwalimu anayemlazimisha mwanafunzi wa namna hiyo kuvua sweta mstarini kwa sababu rangi yake si ya sare anaweza kumsababishia kulazwa.

Wa tatu ni mzee mwenye shinikizo la damu. Mishipa inayobanwa na baridi hulipandisha shinikizo hilo, na dawa iliyotosha Machi huenda isitoshe Julai. Kupima mara kwa mara miezi hii ni jambo la dakika 5 kwenye zahanati.

Kiu isiyosikika

Watu wa Babati wanaijua hali hii: baridi ikizidi, safari za chooni huongezeka. Mishipa ya ngozi ikijibana, damu hurudi katikati ya mwili, figo zikadhani maji yamezidi na kuyatoa. Wakati huo huo hisia ya kiu hupungua. Mtu anatoa maji zaidi na kunywa kidogo, halafu anashangaa choo kigumu, kichwa kizito na magaga kisiginoni. Maji ya uvuguvugu, uji wa ulezi na supu huingia kwa urahisi kuliko maji ya mtungini, na mafuta ya mgando hushika vizuri zaidi yakipakwa dakika chache baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu.

Pombe hukamata nafasi iliyoachwa na maji. Anayekunywa husema imemchangamsha damu, na kweli usoni na mikononi huhisi joto, kwa sababu mishipa ya ngozi imefunguka. Joto hilo ndilo linalotoka mwilini. Akilala njiani saa 6 usiku, mwili hauna tena kizuizi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuwa ziarani mkoani Manyara Februari 2017 alipotangaza kwamba pombe za viroba zingepigwa marufuku kuanzia Machi 1 mwaka huo. Viroba vilitoka madukani. Sababu ya kunywa ili kupata joto haikutoka, na gongo ilikuwapo kabla ya viroba.

Kwa wanaopenda mazoezi, msimu huu ni neema. Wakimbiaji wa mbio ndefu hufanya vizuri zaidi hewa ikiwa chini ya nyuzi 15, na nyanda hizi zimezaa mtu kama John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akichechemea na goti lililofungwa bendeji. Asiye mwanariadha anatosheka na mwendo wa haraka wa nusu saa. Misuli inayofanya kazi hutoa joto lisilohitaji mkaa.

Mawazo ya Julai

Je, akili nayo ina kipupwe chake? Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani, pamoja na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya nchi hiyo, walieleza aina ya sonona inayomrudia mtu kila majira ya baridi na kuondoka jua linaporudi. Chanzo chake kinahusishwa na upungufu wa mwanga. Tromsø, kaskazini ya Norway, jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Babati, siku fupi kuliko zote mwezi Juni inapungua kwa nusu saa tu ukilinganisha na ndefu kuliko zote mwezi Desemba. Kumpa mkulima wa Bonga, hapa hapa Babati, maelezo ya Tromsø ni kumvalisha koti la mtu mwingine.

Lakini mwanga una neno hata hapa. Wagonjwa wa kaskazini hutibiwa kwa kukaa asubuhi mbele ya taa kali kwa nusu saa. Babati, hata siku ya mawingu, mwanga wa nje ni mara nyingi zaidi ya ule wa chumba chenye dirisha lililozibwa. Desturi ya kuota jua, wazee wakiegemea ukuta unaotazama mashariki, huwapa macho mwanga, mwili joto, na ulimi watu wa kuzungumza nao. Ngozi nayo hufaidika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania waishio kwa mila zao na kukuta wastani wa vitamini D katika damu yao ni nanomoli 115 kwa lita. Wahamiaji wa Afrika Mashariki walioko Helsinki au Minneapolis hupata shida kufika hapo, maana jua lao la baridi ni dhaifu na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi.

Usingizi ndio unaofuata. Mwaka 2015 timu ya watafiti akiwemo Gandhi Yetish na Jerome Siegel ilichapisha matokeo kuhusu Wahadzabe, Wasani wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, watu wasiolala na taa za umeme. Walilala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, na palipopimwa majira yote, usingizi wa msimu wa baridi ulizidi kwa karibu saa 1. Waliamka wakati hewa imefikia ubaridi wake wa mwisho, kabla jua halijatoka. Kwa hiyo anayejilaumu kwamba Julai kitanda kinamvuta hana haja ya kujiita mvivu.

Kinachowalaza macho watu wa Babati msimu huu mara nyingi kimo mfukoni. Kipupwe ni majira ya mavuno, na mavuno ni hesabu: mkopo wa mbegu, ada, deni la dukani. Eneo hili linajulikana kwa mbaazi, ambayo huchanganywa shambani na mahindi na kuvunwa baridi inapoelekea ukingoni. Soko lake kubwa ni India. Agosti 2017 nchi hiyo iliweka kikomo cha tani 200,000 za mbaazi kuingizwa kwa mwaka, na bei shambani ikaporomoka. Wakulima waliokuwa na magunia hawakuwa na fedha, na hawakuwa na wa kumlaumu aliye karibu. Hali ya moyo ya kijiji kizima iliamuliwa kwa waraka uliosainiwa ng'ambo ya bahari.

Kiswahili kina neno la hali hiyo: mtu "ana mawazo". Washona wa Zimbabwe, ambao Juni na Julai yao ni baridi kweli, husema "kufungisisa", kuwaza kupita kiasi. Daktari wa akili Dixon Chibanda alilichukua neno hilo jinsi lilivyo, na kuanzia 2006 jijini Harare akawafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja kati ya mengi, wakalitafutia hatua ya kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ukiwa na washiriki 573, ulikuta dalili za sonona na wasiwasi zimepungua wazi kwa waliokaa na bibi hao kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Benchi lile liliwekwa nje, kwenye hewa na macho ya watu, jambo lisilomwogopesha mtu kama mlango wenye kibao cha magonjwa ya akili.

Babati ina viti vya namna hiyo tayari, ingawa hakuna aliyevipa jina: kijiwe cha bodaboda, kikoba cha akina mama, baraza la wazee chini ya mti, jumuiya ndogondogo, msikiti baada ya Isha. Kipupwe huvipunguza. Kikao cha jioni hufupishwa, mgonjwa hatembelewi "kwa sababu ya baridi", na mjane mwenye mtoto mchanga hukaa siku tatu bila kubishiwa hodi. Mtu akikosa hamu ya kula, usingizi ukaharibika, kazi aliyoipenda ikamchosha na hali hiyo ikapita wiki 2, mawazo yamekuwa ugonjwa, na unatibika. Pa kuanzia ni kituo cha afya cha karibu, kisha hospitali ya Mrara au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Mirembe iko Dodoma, kilomita zipatazo 250 kusini, na wengi hawahitaji kufika huko wakiwahi.

Saa 4 asubuhi wingu la Kwaraa huanza kuinuka. Kwenye uwanja wa nyumba moja ya kupanga, blanketi za vyumba vinne zimeanikwa kwenye uzio mmoja, bado na mabaka ya unyevu uliodondoka kutoka kwenye bati. Madirisha yako wazi. Mzee aliyekuwa ameegemea ukuta amesogeza kigoda chake mara ya pili, akilifuata jua, na binti aliyepita na ndoo amemwamkia shikamoo na kutua mzigo. Amekaa hapo muda kidogo, mikono ndani ya mikono ya sweta, wakibishana kama mbaazi za mwaka huu zitapata bei.